Kumgeuza Mama

Binti yangu alipoanza masomo ya uuguzi, nilifungua kitabu chake cha kwanza nikacheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Kitabu kizito kama tofali, na ndani yake kurasa kwa kurasa za jinsi ya kutandika kitanda. Jinsi ya kukunja pembe ya shuka. Jinsi ya kumlisha mtu uji. Kulikuwa na picha ya mkono unaonyoosha shuka, na mishale pembeni, utadhani ni jeshi linapanga kuvamia nchi ya watu.

"Hii ndiyo elimu?" nikamwuliza. "Si ungebaki tu hapa Umoja? Ungetandika vitanda vya ploti nzima bila karo."

Akaninyang'anya kitabu. "Baba, hiyo ni misingi."

"Misingi ni ya nyumba," nikamwambia.

Na nyumba nazijua. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nililelewa Majengo, chumba kimoja, Mama akiuza uji kwa maseremala wa Gikomba ili sisi tule. Nilianza kwa kubeba marobota ya mitumba mgongoni, kutoka kwenye lori mpaka kibandani kwa mwenyewe, na wenzangu waliokuwa wakinicheka wakati ule bado wanabeba. Leo nina vibanda vitatu, na nyumba ya ghorofa nne ambayo sikukopa benki hata bati moja. Wapangaji wangu wana digrii. Nikipita kwenye ngazi wananipisha. Nikitia mkono ndani ya robota kupitia tundu dogo tu, nakuambia hii ni sufu, hii ni pamba, hii ni kamera, nguo ya daraja la kwanza ya kuuzia watu wa ofisi, na hii ni fagia, takataka ya kupangusia meza. Macho yangu yako pengine kabisa. Hakuna aliyenifundisha kwa kitabu. Kwa hiyo mniwie radhi kama nilikuwa na dharau kidogo. Nilikuwa nayo nyingi, kusema kweli, na nyingine ninayo bado.

Kisha Mama akapigwa na kiharusi.

Upande wake wa kulia wote ulilala. Mdomo ukavutwa kando, maneno yakawa yanatoka moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Hospitali ilikaa naye wiki kadhaa, halafu ikatuambia tumpeleke nyumbani. Nyumbani kukawa kwangu, bila shaka. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyesomeshwa na uji ule wa Gikomba mpaka chuo kikuu, alisema kwake kuna ngazi. Kwangu pia kuna ngazi, lakini sisi tunakaa chini. Nikampa Mama chumba kilicho karibu na sebule, kitanda kipya, godoro nene la juu kabisa, nikaona kazi yangu imekwisha.

Wageni walijaa. Ningependa siku moja mtu anieleze watu huwa wanafuata nini kwa mgonjwa. Walikuja na ndizi na juisi, wakamkalia Mama kitandani, wakaongea juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni meza. "Amekula?" Wananiuliza mimi, na yeye yupo pale, masikio mazima! "Anasikia?" "Analala vizuri?" Akina mama wa kanisa waliimba nyimbo tatu, wakaomba ombi refu kuliko ibada yenyewe, wakanywa chai, wakaenda. Kaka yangu alikuja na tai yake, akasimama mlangoni, akasema, "Mama anaendelea vizuri, eh?" na kabla Mama hajamaliza neno la kwanza la jibu, alikuwa ameshaangalia saa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Mama chochote. Nawacheka, lakini na mimi sikuwa nimemuuliza.

Mke wangu ndiye aliyemwogesha, asubuhi kabla ya kwenda kufungua kibanda. Mimi saa hiyo natoka nje. Kwetu mtoto wa kiume hamfunui mama yake. Si jambo la kujadiliwa. Hata ukiwa na miaka hamsini na mvi kichwani, mama yako akivuliwa nguo wewe uko upande wa pili wa ukuta, tena unakohoa ili ijulikane uko upande wa pili.

Asubuhi moja mke wangu akanifuata nje na mikono bado ina maji.

"Mgongoni kwa Mama kuna mahali pamebadilika," akasema. "Hapa chini, kwa mfupa wa mkiani. Ngozi imekuwa nyeusi zaidi, na ukigusa ni moto."

"Imechunika?"

"Bado. Lakini siipendi."

Nilimwambia apake mafuta na apasugue vizuri, damu itembee. Hayo ndiyo niliyoagiza mimi, daktari wa darasa la sita. Na kwa sababu sikuweza kwenda kuona kwa macho yangu, nikakaa nikafikiria kama fundi: kama mfupa unaumizwa na godoro, basi ondoa godoro chini ya mfupa. Weka tundu. Wazo hilo lilinijia nikiwa nanyoa ndevu, na niliona ni wazo la mtu mwenye akili sana.

Nikaenda Kariokor. Kuna mzee pale hunishonea viatu vya akala, vya matairi, tangu nikiwa hamali, mkono wake haukosei. Nikamweleza nataka duara: tyubu ya gurudumu la pikipiki, ijazwe upepo kiasi, ivishwe ngozi laini juu, ishonwe vizuri isikwaruze.

"Mkubwa, hii ni ya nini?" akaniuliza. "Unafungua swimming?"

"Ni ya Mama kukalia. Tundu linaingia mfupa, hewa inapita."

Akaigeuzageuza hewani kwa mikono kana kwamba tayari anaiona. "Wallahi, hiyo ni akili. Hospitali kubwa kubwa hawana hii."

Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani. Duara lilitoka zuri ajabu, ngozi ya kahawia, mshono mdogomdogo. Mke wangu akamweka Mama juu yake, na mimi nikaingia baada ya kufunikwa.

"Mama, unasikiaje?"

Sasa hapo mtasema nilimuuliza. Lakini niliuliza huku nimesimama na mikono kiunoni, uso wote meno. Akanitazama kwa jicho lake zima. "Ni... nzuri," akasema.

Kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha. Akina mama wa kanisa waliishika wakaibonyeza. Kaka yangu, na digrii zake mbili, alisema ni ubunifu. Nilimjibu kwamba ubunifu ni wa watu ambao hawakupata nafasi ya kukaa darasani wakisinzia. Siku kumi Mama alikaa na kulala juu ya duara lile, na siku hizo kumi sina hakika kama nimewahi kujipenda zaidi.

Binti yangu akaja likizo ya wiki mbili.

Hata hakunisalimia vizuri. Aliweka begi, akaenda kwenye sinki akanawa mikono mpaka viwikoni kama mtu anayetoka kuchinja, akavuta stuli akakaa mahali ambapo Shosho yake angeweza kumwona bila kugeuza shingo. Akamshika mkono ule unaofanya kazi.

"Shosho, nimekuja. Unaumwa wapi leo?"

Kisha akanyamaza. Nilisimama mlangoni nikingoja aseme kitu kingine, na hakusema. Alingoja tu. Kama ni mimi ningeshamjibia Mama mara tatu. Dakika ikapita, ikapita nyingine, na Mama alikuwa anavuta maneno yake polepole huko ndani.

"Hapa... chini," akasema. "Panawaka."

"Tangu lini?"

Mama akanitazama mimi, halafu akatazama ukuta.

"Baba, toka kidogo," binti yangu akasema. Nikatoka. Nikakohoa upande wangu wa ukuta. Nilisikia shuka zikifunuliwa, halafu nikasikia binti yangu akisema kwa sauti ya chini, "Pole, Shosho. Pole sana." Alipokuja sebuleni alikuwa ameshika duara langu kama mtu anavyoshika panya kwa mkia.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi. Na usiikunje, hiyo ni ngozi halisi."

"Baba, imemkata. Kuna alama ya mviringo yote hii, na katikati, pale tunduni, ngozi imefunguka. Kidonda kama kizibo cha soda."

Nikawaka. Nilimwambia nimebeba marobota kabla hajazaliwa, kwamba najua uzito unavyokaa kuliko walimu wake wote, kwamba mfupa hauwezi kuumizwa na hewa, na tunduni kuna hewa tupu. Nilisema mengi. Yeye alitoa raba ya nywele kichwani, akanishika kidole cha shahada, akaizungusha mara nne karibu na ncha, akaiacha hapo.

"Endelea kuongea," akasema.

Niliendelea. Lakini macho yangu yalikuwa kidoleni. Ncha ilivimba, ikawa ya zambarau, ikaanza kudunda, halafu ikaanza kufa ganzi. Ile ncha haikuwa imebanwa na kitu chochote. Ilikuwa hewani kabisa. Kilichobanwa ni pembeni.

"Damu inaingia wapi?" akaniuliza. "Inazuiwa pembeni, katikati panakufa njaa. Duara lako ndilo raba. Na hii umevaa dakika mbili, Baba. Shosho siku ngapi?"

Nikaivua raba.

"Na huko kusugua na mafuta," akaendelea, kwa sababu mtoto niliyemlipia karo huwa hajui kuacha, "ngozi ikiwa imeshaumia huisugui. Unaipasua kwa ndani. Sisi hufundishwa unabonyeza na kidole: ikibadilika rangi halafu irudi, sawa. Ikikaa vilevile, imeumia. Na picha za kitabu ni za ngozi ya mzungu, kwetu wekundu hauonekani. Mwalimu wetu alisema sisi tutumie mgongo wa mkono. Pana moto? Pamekaza? Ngozi nyeusi unaisoma kwa mkono, si kwa macho."

Kati ya yote aliyosema, hilo ndilo lililoniuma. Mkono huu unaosoma sufu ndani ya robota lililofungwa ungeyasoma hayo yote siku ya kwanza.

Niliingia kwa Mama. Nilitaka kumgombeza, nadhani, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. "Kwa nini hukusema linauma?"

Alichukua muda wake. "Ulikuwa... umefurahi nalo," akasema. "Unawaonyesha... watu."

Tulimpeleka kliniki iliyo karibu. Sista wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Alisafisha kidonda, akatuambia wazi, mbele ya Mama mwenyewe: kisipokandamizwa tena, kitajaa nyama kutoka chini na kufunga. Kikiendelea kukandamizwa, kitaingia mpaka mfupani, uchafu uingie kwenye damu, na mtu wa umri huu harudi kutoka huko. Dawa ya kupaka alitupa, lakini alisema dawa si kitu. Dawa ni kumgeuza. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kulia, kushoto, mgongoni kidogo sana. Nikamuuliza kama hakuna sindano. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wateja wanaouliza kama kuna kamera ya bei ya fagia.

Kwa hiyo maisha ya Mama, aliyetubeba sote wawili na sufuria ya uji kichwani, yalikuwa yamefika hapo: kuna mtu au hakuna mtu wa kumgeuza.

Binti yangu akabandika karatasi ukutani. Saa upande mmoja, upande mwingine mshale wa kuonyesha Mama ameelekea wapi, na herufi ya aliyemgeuza. Kwa siku kumi na nne yeye na mama yake walifanya. Nilitazama karatasi ile ikijaa na nilijiambia mambo yamepangika. Akina mama wa kanisa walisikia, wakaja na daftari, wakapanga zamu nzuri kabisa ya wiki nzima kwa wino wa rangi mbili. Siku ya kwanza walikuja watatu. Siku ya pili akaja mmoja, akamgeuza Mama mara moja, akashika kiuno chake mwenyewe. Siku ya tatu walituma ujumbe kwamba wanatuombea.

Likizo ikaisha. Binti alikuwa anapelekwa hospitali ya mbali kwa mazoezi, na hilo huwezi kukosa, unarudia mwaka. Mke wangu ndiye anayejua wateja wa rejareja. Akifunga kibanda hatuli. Mimi ununuzi wangu wa marobota ni asubuhi ya siku mbili kwa wiki. Hesabu haikuhitaji darasa la saba.

"Ni wewe, Baba," binti yangu akasema.

"Mimi siwezi kumfunua mama yangu."

"Nani amesema umfunue?"

"Nitamgeuzaje basi? Kwa maombi?"

Akafungua kile kitabu cha kutandika vitanda. Sura ileile niliyoicheka. Akaniita chumbani, akamweleza Mama anachotaka kunionyesha, neno kwa neno, akamwomba ruhusa. Halafu akanionyesha. Juu kuna shuka ya kumfunika, shingoni mpaka miguuni, na hiyo haiondoki. Chini yake kuna shuka nyingine iliyokunjwa mara mbili, kutoka mabegani mpaka mapajani. Wewe hushiki mtu. Unashika shuka ya chini, unaikunja karibu na mwili wake mpaka ikaze, na unamgeuza kwa hiyo. Mkono wako haugusi mwili, jicho lako halioni kitu. Mtu mzima anageuzwa akiwa amefunikwa kama bibi harusi. Kidonda chenyewe na kuoga, hiyo inabaki ya mke wangu, asubuhi na jioni, na zamu za usiku pia.

Nilisimama pale nikaona aibu ya aina fulani. Kuna watu waliokaa chini wakafikiria heshima ya mama yangu kabla mama yangu hajaugua. Wakaiandika, wakachora na mishale. Na mimi niliicheka.

"Lakini si mimi wa kuamua," binti yangu akasema. "Ni Shosho." Akageuka. "Shosho, Baba akugeuze mchana? Ukikataa, tutatafuta njia nyingine."

Mama hakujibu siku hiyo. Alisema anafikiria. Mara ya kwanza tangu augue mtu alikuwa amemngoja yeye aamue jambo, na aliitumia nafasi hiyo vizuri: alitukalisha usiku kucha na asubuhi yote. Baada ya chai ya saa nne akaniita.

"Mlango... ufungwe," akasema. "Simu... uiache nje. Useme kwanza... ndio uguse. Na usinivute... kama robota."

"Sawa, Mama."

"Na usikohoe... kohoe. Najua... uko hapo."

Mara ya kwanza nilimvuta. Nilisema sitamvuta, halafu nikamvuta kuelekea kwangu kama mzigo unaoshushwa kwenye mkokoteni, na binti yangu akanipiga mkono. "Usiburute! Ukiburuta ngozi inabaki, mfupa unaenda. Unamzungusha. Piga goti, Baba, mgongo wako uwe wima, uzito uweke kwa miguu." Hapo nikacheka, na safari hii kicheko changu kilikuwa na haki. Piga goti, mgongo wima! Hilo mimi nilifundishwa na hamali mmoja wa Gikomba asiyejua kuandika jina lake, siku niliyokaribia kuvunjika kiuno chini ya robota la majaketi. Kumbe liko kitabuni. Kumbe wasomi nao wamelijua. Mara ya pili nilimzungusha Mama polepole, nikaweka mto mgongoni, mwingine kati ya magoti, na kisigino kikaning'inia hewani bila kugusa godoro. Nikapitisha kiganja juu ya shuka ya chini kutafuta mkunjo. Kulikuwa na mmoja, mdogo kama uzi, chini ya kiuno. Binti yangu hakuuona. Mkono wangu uliuona.

"Umepita," akasema.

"Nimepita nini? Mimi nilizaliwa nimepita."

Mama akatoa sauti puani. Ilikuwa ni kicheko.

Akaondoka Jumatatu, na mimi nikabaki na karatasi ukutani. Nilitumia kalamu nene ninayoandikia marobota. Mwanzoni nilikuwa nafanya halafu sijazi, na binti yangu akipiga simu anasema katika kazi yao kisichoandikwa hakikufanyika. Nilimtukana kimoyomoyo. Kisha siku moja nilisimama mbele ya kitanda na sikukumbuka kama Mama alikuwa upande huu tangu saa nne au tangu saa sita. Karatasi ilikuwa tupu. Mama mwenyewe alikuwa amelala. Tangu siku hiyo nilijaza, mishale yangu minene kuliko ya mtu yeyote.

Nilijifunza mengine ambayo mtu haambiwi. Kwamba mtu aliyelazwa anaona dari tu siku nzima, na ukimgeuza, mgeuze aelekee kitu. Kwamba "amekula" si jibu. Amekula vijiko vingapi? Kwamba ukimuuliza mgonjwa swali, funga mdomo mpaka ajibu, hata kama chapati inaungua. Hayo ndiyo wanayolipia karo miaka mitatu, na watu wenye akili kama zangu huita kazi ya kusafisha choo. Siku hizi mtu akisema mbele yangu kwamba uuguzi ni wa waliokosa alama za udaktari, namuuliza mama yake anageuzwa na nani. Huwa hawajui hata analalia upande gani.

Wiki ya sita, sista wa kliniki alipima kidonda na kijikaratasi chake chenye mistari. Kilikuwa kimepungua nusu, na chini kulikuwa na nyama nyekundu mpya. Akauliza nyumbani kuna nani. Mke wangu akaninyooshea kidole. Sista akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Haya, usiharibu sasa." Nimewahi kusifiwa na wabunge, lakini sikuwahi kutembea wima kama siku ile.

Na hapo ndipo kaka yangu akaja kuharibu.

Alikuja na gari kubwa na mpango tayari, akanieleza mimi palepale kando ya kitanda cha Mama. Jumamosi, ushago, kijijini kwetu, ibada ya shukrani kwa ajili ya afya ya Mama. Hema limeshalipiwa. Askofu amekubali. Watu wa ofisini kwake wanakuja. Mama atakaa mbele, kwenye kiti cha heshima, apigwe picha na wajukuu.

"Ni mwendo wa saa ngapi kwa gari?" nikamuuliza.

"Nne, barabara ikiwa sawa."

"Atakaa saa nne juu ya kidonda. Halafu kiti cha heshima, saa ngapi? Tatu? Hotuba zako nazijua. Halafu nne za kurudi."

"Tutamwekea mto. Si ulikuwa na lile duara?"

Sitaandika nilichomjibu hapo.

"Wewe huelewi," akasema. Amenieleza hivyo tangu nikiwa na miaka sita. "Hili ni jambo la familia nzima. Mimi ndiye mkubwa, nimeshaamua."

Kwa miaka yote kaka yangu akisema ameamua, tumefuata. Aliamua shamba, aliamua kaburi la baba liwekwe wapi. Nina pesa zaidi yake na nimefuata, kwa sababu yeye alisoma na mimi nilibeba. Nikatazama karatasi ukutani. Ilikuwa imebaki dakika tano ifike saa nane.

"Umemuuliza?" nikasema.

"Nani?"

"Mwenye kidonda."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aulize kabati. Simu nikaiweka nje, nikafunga mlango. "Mama, nakugeuza sasa, uelekee dirishani." Nikapiga goti. Nikakunja shuka, nikamzungusha, nikaweka mito, nikapitisha kiganja. Kaka yangu alikuwa amejibana ukutani, ameficha uso, kwa sababu alidhani ataona kitu. Hakikuonekana kitu. Nikavuta stuli mahali ambapo Mama angemwona.

"Kaa hapo. Mwambie. Halafu ungoje."

Akakaa na suti yake. Akamweleza: hema, askofu, kiti cha heshima, picha. Alipomaliza alifungua mdomo kuongeza, nikamwinulia kidole. Tukangoja. Nje mwuza maji alipita akapiga kelele mpaka akafika mwisho wa mtaa. Kaka yangu akaanza kutoa jasho juu ya mdomo. Nadhani tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumnyamazisha muda mrefu hivyo.

"Wewe," Mama akasema mwishowe, "nenda. Uwashukuru. Mimi... bado... napona."

"Lakini Mama, watu wamealikwa kukuona..."

"Picha... unayo."

Alikwenda. Hema lilikuwa limelipiwa, angefanyaje? Jumamosi ile, kule ushago, askofu alishukuru kwa saa nzima mbele ya picha ya Mama iliyowekwa kwenye kiti, iliyopigwa miaka mingi iliyopita akiwa na kitambaa cha bluu kichwani. Shangazi mmoja alinitumia video. Nilimshikia Mama simu akaitazama yote, amelala ubavu wa kushoto, mto mgongoni, kidonda kikiwa hewani. Watu walikuwa wengi. Kaka yangu alilia mbele ya kipaza sauti akieleza jinsi yeye alivyomtunza Mama.

"Wamechinja?" Mama akauliza.

"Mbuzi watatu."

Akatazama picha yake mwenyewe kwenye kiti cha heshima, muda mrefu.

"Mwambie," akasema, "alete... mguu. Yule wa kwenye picha... hali nyama."